Moyowosi: Nyumba ya Ndege, Darasa la Watoto

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Kigoma kwa reli ya kati, akishazipita Tabora, Urambo na Kaliua, hufika mahali ambapo misitu ya miombo hufunguka na nchi ikawa tambarare. Hapo ni Nguruka, na mbele yake ni mto Malagarasi. Katika miezi ya mvua maji hutanda juu ya nyasi hata mtu asijue mto unaishia wapi na nchi kavu inaanzia wapi. Abiria hutazama kidogo dirishani, akamwonyesha mwanawe yangeyange wachache weupe, kisha akarudi kwenye mazungumzo na kwenye hesabu ya saa zilizobaki kufika Kigoma.

Laiti angejua alichokiona! Ule ni ukingo tu wa kusini wa mojawapo ya ardhi za majimaji zilizo kubwa kabisa katika Afrika ya Mashariki. Kaskazini yake, chini ya nyanda za juu za Kibondo na Kasulu, limo Pori la Akiba la Moyowosi, na ubavuni mwake upande wa mashariki, Kigosi. Huko wanaishi ndege na wanyama ambao Mtanzania wa mjini hajapata kuwaona hata katika picha. Ni watoto wangapi wa shule wawezao kuchora simba na twiga bila kutazama mahali? Ni wengi mno. Na ni wangapi wamwezao nzohe? Swali hili ndilo lililotutuma kuandika makala haya, maana chombo kisichojulikana na mwenyewe ni rahisi kupotea, na mwenyewe asijue kuwa ameibiwa.

MTO ULIOLIPA ZIWA KISOGO

Tuanze na mto, kwani bila mto hakuna ndege. Malagarasi huanza katika milima ya mpaka wa Tanzania na Burundi, mahali ambapo si mbali sana na Ziwa Tanganyika. Mtu angedhani maji yangeteremka moja kwa moja ziwani. Lakini sivyo. Mto hulipa ziwa kisogo, ukafuata mpaka kuelekea kaskazini-mashariki, ukazunguka nchi ya Kibondo, ukateremka kusini hadi kwenye kinamasi, na hapo tu, baada ya kukutana na maji ya Moyowosi na mito mingine, ndipo ugeukapo magharibi, ukapita Uvinza na kuingia ziwani. Safari yote hiyo ni ya kilomita zipatazo 475.

Wataalamu wa elimu ya samaki wameona jambo la ajabu katika mto huu. Baadhi ya samaki wake ni jamaa za samaki wa mto Kongo, ulioko ng'ambo ya pili ya ziwa, wala samaki hao hawaishi katika ziwa lenyewe. Maelezo yake ni kwamba mto huu ni mkongwe kuliko ziwa. Zamani sana, kabla ardhi haijapasuka na bonde la Tanganyika kuzama, maji ya huku yalikuwa yakienda Kongo. Samaki wamebaki kama mashahidi wa njia iliyokatika.

Kinamasi chenyewe hufanya kazi ya sifongo. Mvua za nyanda za juu zinaponyesha, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Mei, maji hukimbia mabondeni yakiwa mekundu kwa udongo. Yakifika kwenye mafunjo hupunguza mwendo, udongo ukazama, na maji yakasambaa. Kiangazi kinapoingia, kinamasi huyatoa polepole, mto ukaendelea kutiririka wakati vijito vingi vimekwisha kukauka. Mafunjo ya kudumu hufunika hekta zipatazo 200,000, na mbuga zinazofurika zaweza kufikia hekta milioni moja na nusu katika mwaka wa mvua nyingi.

Kwa sababu hiyo, Tanzania ilipojiunga na Mkataba wa Ramsar mwaka 2000, mkataba uliotiwa sahihi mwaka 1971 katika mji wa Ramsar nchini Iran kwa ajili ya kuhifadhi ardhi za majimaji duniani, eneo la kwanza kabisa lililoandikishwa lilikuwa hili la Malagarasi na Muyovozi. Ukubwa wake ni hekta 3,250,000. Kisiwa chote cha Unguja kingeingia humo karibu mara ishirini.

NDEGE ASIYE NA HARAKA

Wa kwanza wa kutajwa miongoni mwa wenyeji wa kinamasi ni yule ndege mkubwa wa kijivu, mwenye mdomo mpana mfano wa kiatu cha mbao. Akisimama hufikia kimo cha mtoto wa darasa la pili au la tatu. Aghalabu husimama peke yake ukingoni mwa maji, asitikisike kwa muda mrefu, hata mtu akadhani ni kisiki. Anamngoja kamongo, samaki ambaye hana budi kupanda juu kuvuta hewa. Kamongo akichomoza, ndege huanguka juu yake kwa mwili mzima, akamnasa pamoja na majani na tope, kisha akayatema majani na kummeza samaki.

Subira yake hiyo ndiyo pia udhaifu wake. Jike hutaga mayai machache, kwa kawaida mawili, juu ya tago lililojengwa katika majani yaliayo majini, na mara nyingi kinda mmoja tu ndiye afikiaye ukubwa. Katika joto la mchana mzazi huchota maji kwa mdomo akayamwagia mayai ili yasiive. Kinda huhitaji zaidi ya miezi mitatu kabla hajaweza kuruka. Moto ukipita, au kundi la ng'ombe likikanyaga hapo katikati ya muda huo, kazi ya mwaka mzima imekwisha. Dunia nzima imebakiwa na maelfu machache tu ya ndege hawa, kuanzia Sudan Kusini na Uganda hadi Zambia, na Moyowosi ni mojawapo ya makao yao.

Jirani yake ni korongo mrefu mwenye ndewe nyeupe zining'iniazo chini ya kidevu, naye pia ni adimu na hulea kinda mmoja mmoja. Wapo mwari, kwazi, bata wa aina nyingi, na katika miezi ya baridi ya Ulaya huja wageni waliovuka jangwa la Sahara. Miongoni mwa wanyama yupo nzohe, swala wa majini, ambaye kwato zake ni ndefu na hupanuka ili asizame topeni. Akiogopeshwa hujitumbukiza majini akabakiza pua tu. Wapo pia kiboko, mamba, nyati, nyamera, palahala na tembo.

NCHI ILIVYOBAKI TUPU

Mtu wa mjini aweza kufikiri kwamba pori hili halikupata kukaliwa tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Historia haisemi hivyo. Waha wamekuwa wakulima na wafugaji wa nchi hii kwa karne nyingi, na walijua kutumia nyanda za juu kwa mashamba na mabonde kwa uwindaji, uvuvi na asali. Mbung'o na ugonjwa wa malale ndio uliobadili mambo. Kuanzia mwaka 1933 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa Buha waliokuwa wakiishi wametawanyika porini, ikawakusanya katika makazi maalumu ili kuzuia malale. Pori likajifunga nyuma yao. Mwaka 1972 Kigoma ikawa miongoni mwa mikoa ya kwanza kwa operesheni ya kuhamia vijijini, na watu wakasogezwa tena. Mapema katika miaka ya 1980 Moyowosi na Kigosi zikatangazwa kuwa mapori ya akiba.

Tunayakumbusha haya kwa makusudi. Mzee wa Kibondo au Kasulu anapoambiwa leo kwamba mpaka wa hifadhi usivukwe, huenda ng'ambo ya mpaka ule lipo kaburi la babu yake. Mhifadhi asiyelijua jambo hilo atadhani anapambana na ukaidi, kumbe anapambana na kumbukumbu. Na katika pori la akiba sheria huruhusu uwindaji wa kitalii kwa leseni. Mwanakijiji humwona mgeni akipita na bunduki kihalali, ilhali yeye mwenyewe akikutwa na sungura hupelekwa mahakamani. Sheria ina sababu zake, lakini sababu zisizoelezwa huwa kama hazipo. Hifadhi itadumu endapo tu mwananchi wa jirani ataona kwamba naye ana fungu lake ndani yake.

MIZIGO JUU YA MIZIGO

Kibondo na Kasulu zimebeba mzigo ambao wilaya chache duniani zimeubeba. Machafuko ya Burundi ya 1972 yalileta wakimbizi, na ya 1993 yakaleta wengine. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa wilayani Kasulu kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, na tangu 2015 Warundi walipokimbia tena, kambi ya Nduta huko Kibondo nayo ilifunguliwa upya. Kuna wakati makambi ya mkoa huu yalikuwa na watu zaidi ya 300,000. Watanzania waliwapokea, na hilo ni la kujivunia.

Lakini kila jiko lahitaji kuni. Familia inayopewa unga na maharage bila kupewa nishati ya kupikia itatoka kutafuta kuni. Si uhalifu wa tabia, ni ulazima wa tumbo. Wanawake na watoto walitembea mbali zaidi kila mwaka, na miti ikazidi kurudi nyuma. Nyama nayo ilitafutwa. Mwaka 2008 shirika la TRAFFIC lilitoa ripoti juu ya nyama ya porini katika makambi ya kaskazini-magharibi ya Tanzania, na humo nyama hiyo ilitajwa kwa jina la mchicha wa usiku, kwa kuwa ilipikwa giza likiisha kuingia. Ripoti hiyo haikuwalaumu wakimbizi peke yao. Ilisema wazi kwamba mgao wa chakula usio na nyama ndio uliosukuma ujangili. Mwenye njaa hawezi kuhubiriwa uhifadhi akashiba.

Kisha kuna ng'ombe. Zamani mbung'o walilinda pori kuliko askari yeyote, maana ng'ombe waliugua nagana wakafa. Dawa za mifugo zilipopatikana, na malisho ya mikoa ya kaskazini yalipopungua, makundi makubwa yakashuka hadi kwenye mbuga za Malagarasi. Sheria ya Wanyamapori ya 2009 inakataza kuchunga ndani ya pori la akiba bila kibali, na mara kadhaa mifugo imeondolewa kwa nguvu. Mfugaji naye ana watoto wa kusomesha. Wakulima wanaotafuta ardhi katika misitu ya hifadhi ya Kasulu nao wana njaa ya ardhi iliyo ya kweli. Ugumu wa kulinda kinamasi ni kwamba wengi wanaokibana si watu wabaya.

KAZI YA KULINDA

Je, hifadhi ya namna hii huendeshwaje? Wengi hufikiri ni bunduki na kiatu cha askari tu. Doria ni sehemu ya kazi, na tangu 2016 mapori ya akiba yako chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori. Lakini zipo kazi nyingine za kimya, na nne kati ya hizo zafaa kutajwa.

Ya kwanza ni moto. Katika miombo moto hauzuiliki kabisa. Shida ni wakati wake. Nyasi zikichomwa mapema, mara mvua zikomapo, bado zina unyevu na moto huenda kwa unyonge, ukaacha vipande vilivyoungua vikizuia moto mkubwa. Zikiachwa hadi Septemba na Oktoba, moto huwa mkali, ukaua miche, ukaingia hata kwenye mafunjo yaliyokauka ambamo ndege wametaga. Kuchoma mapema kwa mpango, hifadhi na vijiji vikishirikiana, huokoa viota vingi kuliko faini za mwaka mzima.

Ya pili ni nyuki. Asali ya miombo ya Kibondo ni mali. Lakini mzinga wa gome huua mti uliochunwa, na mrinaji aachaye kijinga cha moto chini ya mti huweza kuteketeza msitu alioutegemea. Mzinga wa mbao, pamoja na bomba la moshi na mavazi ya kurinia, humpa mrinaji asali safi na kuuacha mti hai. Mfugaji nyuki ni mlinzi asiyelipwa mshahara, kwani maua ndiyo shamba lake.

Ya tatu ni samaki. Nyavu zenye matundu madogo na uvuvi wa msimu wa kuzaliana huvuna mbegu badala ya mazao. Kamati za wavuvi wenyewe, zikipewa nguvu ya kweli, hujua nani ametega wapi kuliko mkaguzi atokaye mjini.

Ya nne ni biashara ya ndege hai. Kinda wa yule ndege wa mdomo mpana aliweza kuuzwa kwa bei kubwa ng'ambo, na aliyemchukua kiotani alipata senti chache. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nchi za nje. Amri hiyo ni nzuri, lakini hufanya kazi pale tu kijana wa kijijini anapokuwa na njia nyingine ya kupata karo.

DARASA LISILO NA UKUTA

Kigoma imetoa fundisho kwa dunia katika jambo hili. Jane Goodall alifika Gombe mwaka 1960 kuwachunguza sokwe mtu. Baadaye aliona kwamba msitu nje ya mipaka ya hifadhi umekwisha, na kwamba wanavijiji waliouzunguka walikuwa maskini mno kuweza kuuhurumia. Ndipo mwaka 1994 ukaanzishwa mpango wa TACARE katika vijiji vya Kigoma, uliochanganya vitalu vya miti na afya, maji na mikopo midogo ya akina mama. Kabla ya hapo, mwaka 1991, alikuwa ameanza na wanafunzi 12 mjini Dar es Salaam chama cha vijana kinachoitwa Roots & Shoots, ambacho leo kimeenea nchi nyingi. Na hata kabla yake, tangu 1980, Tanzania ilikuwa na klabu zake za Malihai mashuleni. Goodall alifariki mwaka 2025, lakini fundisho limebaki: anza na mtu, mnyama atafuata.

Shule ya Kibondo haihitaji basi wala fedha za kigeni ili kuwafundisha watoto nje ya darasa. Yahitaji mwalimu, daftari na kijito kilicho karibu. Wanafunzi wakae kimya nusu saa asubuhi, waandike kila ndege waliyemwona na alilokuwa akifanya. Warudi wiki ijayo, na mwezi ujao, na wakati wa mvua. Mwisho wa mwaka watakuwa na hesabu, jiografia na sayansi waliyoitengeneza wenyewe. Watajua ni mwezi gani wageni wa Ulaya hufika, na maji ya kijiji hubadilika rangi baada ya shamba lipi kulimwa hadi ukingoni mwa mto. Babu aalikwe aje kutaja majina ya ndege kwa Kiha, maana majina hayo nayo yako hatarini kama ndege wenyewe. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shule isimtenge mtoto na jamii yake. Hakuna njia iliyo nyepesi ya kulitimiza hilo kuliko hii.

Kanuni za kuwatembelea ndege ni chache. Usikisogelee kiota. Usipige kelele wala kurusha jiwe ili ndege aruke uone mbawa zake. Usiokote yai wala kinda. Vaa nguo zisizong'aa, na katika nchi ya mbung'o epuka rangi ya buluu na nyeusi, kwani huwavuta. Karibu na maji, watoto wawe na mtu mzima wakati wote, maana mamba hajui kuwa hii ni ziara ya shule.

NA SISI TULIO MJINI?

Msomaji wa Ubungo au Mwanza atauliza: haya yananihusu nini? Yanamhusu. Kila mkaa unaochomwa mjini ulikuwa mti mahali fulani. Kila mbao ya mninga iliyonunuliwa bila kuuliza kibali ilipita barabarani usiku. Kila kipande cha nyama ya porini kinachoandaliwa kwa fahari mezani kina mtego nyuma yake, na mtego hauchagui nzohe jike mwenye mimba wala dume.

Na kuna jambo lililo rahisi zaidi, ambalo halimgharimu mzazi chochote. Jumapili hii, mtoke na watoto mkakae chini ya mwembe au kando ya bwawa lililo karibu. Wahesabuni ndege pamoja. Hata mjini wapo: kunguru, chiriku, yangeyange jalalani, mwewe angani. Kisha mwambieni mtoto kwamba mbali huko, chini ya nyanda za Kibondo na Kasulu, yupo ndege mmoja wa kijivu aliyesimama ndani ya maji tangu alfajiri, anangoja samaki wake bila haraka. Mkoloni alimkuta hapo, na uhuru ukamkuta hapo hapo. Mtoto huyo naye atakapokuwa mtu mzima, amkute.